Damu Inayokimbiza Saa

Meza yangu ya kutengenezea saa nimemuuzia mama mmoja anayeshona sweta. Ameweka cherehani juu yake na nasikia inamfaa sana, kwa hivyo angalau meza imepata mtu anayejua kazi yake. Mimi macho ndiyo yaliyoniamulia. Siku niliyokitafuta kibano asubuhi nzima nikiwa nimekishika mkononi, nilijua imetosha. Sasa nyinyi vijana wa vibanda vya pale karibu na stendi mnasema niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Asanteni kwa heshima hiyo. Ya pesa siyaandiki, hayatajaza hata mstari mmoja. Na vyeo, fundi wa saa ana cheo kimoja tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, nacho ni "we fundi".

Nilianza miaka michache baada ya Uhuru, katika duka la Bwana Ratilal hapa Nyeri mjini. Alikuwa Mhindi mwembamba, mpole wa sauti, asiyesahau kitu. Siku ya kwanza nilifika nimevaa suruali mpya yenye pindo pana chini, maana niliona mtu wa saa anafaa kupendeza. Akanipa kisahani chenye skrubu alizozitoa kwenye saa ya padri, akaniambia nishike tu, nisifanye kitu kingine. Skrubu za saa za zamani ni ndogo kuliko punje ya wimbi. Nikashika kisahani kwa uangalifu mkubwa, kisha nikapiga chafya.

Tulizitafuta sakafuni kwa magoti, mimi na yeye, mpaka chakula cha mchana kikapita. Ufagio hauruhusiwi kabisa, maana ufagio hauna macho. Tulipokata tamaa aliniangalia miguu, akainama, akafungua pindo la suruali yangu. Skrubu zote za padri zilikuwa zimelala humo pamoja na makombo ya mandazi. Bwana Ratilal hakunigombeza. Alinipa mkasi.

"Kata," akasema.

"Nikate nini, Bwana?"

"Pindo. Yote mbili. Au rudi nyumbani na suruali yako."

Nikakata. Nilirudi nyumbani na suruali inayoishia juu ya kifundo cha mguu, na mama yangu akaniuliza kama kazi yenyewe ni ya kuvuka mito. Lakini mpaka leo sijavaa suruali ya pindo, na nyinyi nawaona mnavaa. Shauri yenu.

Nilichojifunza kwanza ni kwamba saa haifi kwa uzee, inauawa na mwenyewe. Wazee wa huku kwetu walikuwa wakivuta ugoro, na ugoro ukishatoka kwenye vidole huingia kwenye saa kupitia pale pa kutilia ufunguo. Ukifungua kifuniko unapiga chafya kabla hujaona ugonjwa. Watu wa Mwea walileta saa zenye maji na matope ya mpunga, wakaapa kwa majina yote kwamba hazijaguswa na maji. Wale wa Timau walikuja baada ya mavuno na vumbi la ngano hata nyuma ya kioo. Wote niliwaambia maneno yaleyale: vua saa ukienda kukamua, vua ukioga, tia ufunguo asubuhi saa ileile kila siku na uache pale unapohisi imekaza. Usikaze zaidi kwa kuwa eti unasafiri. Mkanda ukioza kwa jasho badilisha, mkanda ni bei ya chai, saa ikianguka ni kilio. Walikuwa wakiitikia kwa kichwa, kisha wanarudi tena na ugoro.

Bwana Ratilal alizipima kwa sikio. Aliweka saa sikioni, akafumba macho, na unaona uso wake ukisoma. Mimi nilijaribu kufanya hivyo miaka na miaka. Nilikuwa nafumba macho vizuri sana. Kusikia ndiko kulikonishinda.

Kuna mambo mawili ya mwalimu wangu lazima niyataje, maana ndiyo yaliyokuja kunitoa jasho. La kwanza, hakutaka redio dukani. Kinyozi wa jirani alikuwa nayo, mshonaji wa ng'ambo ya barabara alikuwa nayo, sisi tulifanya kazi kimya kama tuko kanisani. Nilipouliza alinijibu, "Hapana redio hapa," basi. Mimi nikajua ni ubahili.

La pili ni habari ya damu. Mara moja moja, labda mara moja kwa mwaka, alikuwa akija mteja mkorofi, wa kupiga meza na kutukana, na saa yake haina ubaya wowote isipokuwa mwenyewe. Hapo Bwana Ratilal angemshika mkono taratibu kama daktari, amtazame kwa huruma, aseme, "Shida si saa, bwana. Damu yako ina sumaku. Iko na nguvu sana." Mteja anatulia palepale. Anaondoka ametanua kifua, na tangu siku hiyo anawaambia watu kwamba damu yake hata saa haziiwezi. Nilidhani hilo ndilo neno kuu la ufundi. Yeye alilitumia kama dawa ya kijiko kimoja. Mimi nilikuja kuinywesha Nyeri nzima.

Ilitokea hivi. Bwana Ratilal alipochoka alihamia Nanyuki kwa mwanawe mwenye duka la vitambaa, akaniachia chumba, meza, na sanduku la vifaa. Wiki ileile nikanunua redio. Haikuwa redio ya mchezo. Ilikuwa ile kubwa ya umeme, ya mbao, yenye spika pana ya kuamsha mtaa. Waya wake haukufika kwenye soketi, basi nikatafuta waya wa kuungia. Ndani ya sanduku kulikuwa na chombo kimoja kizito, cha duara, chenye tundu katikati, ambacho sikuwahi kumwona Bwana Ratilal akikitumia. Nikakata waya wake nikaungia redio. Chombo chenyewe nikakitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Redio ikakaa mezani, na kwa kuwa juu yake kulikuwa pasafi na pana, kila saa niliyomaliza kuitengeneza niliipanga hapo juu isubiri mwenyewe.

Mnaojua kazi mmeshashika vichwa. Haya, kaeni hivyohivyo, bado.

Saa zikaanza kurudi. Zote zilikuwa na ugonjwa mmoja, kukimbia. Mwalimu mmoja alifika darasani kabla ya wanafunzi kuamka. Askari wa Kiganjo aliingia gwaride peke yake. Nilizifungua, nikaosha kwa petroli, nikatia mafuta, nikapunguza mwendo. Mezani zilikwenda sawa kabisa. Nikazirudisha juu ya redio. Zikichukuliwa zinakimbia tena. Ningesema nini? Nikawashika mikono taratibu, nikawatazama kwa huruma. Kabla mwaka haujaisha nusu ya mji ilikuwa na damu ya sumaku, na hakuna aliyelalamika. Askari yule alifurahi hadi akaniletea mahindi.

Ndipo akaja Muriuki. Huyu alikuwa kijana wa Mwea, mpima uzito katika kinu cha mpunga, mwenye adabu na haya nyingi. Saa yake aliinunua ya mkono wa pili, na aliitunza kama yai. Aliirudisha mara tatu. Mara ya tatu duka lilikuwa na watu, miongoni mwao mama mmoja muuza viazi sokoni. Nami nilikuwa nimechoka, na wimbo ninaoupenda ulikuwa ukiimbwa redioni. Nikamshika mkono.

"Kijana, usipoteze nauli. Damu yako ni mbaya. Saa haitakaa."

Niliona uso wake ukimshuka. Hakutanua kifua kama wengine. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Mbaya, fundi? Mbaya namna gani?"

"Mbaya kwa chuma," nikamwambia, nikaongeza sauti ya redio.

Sikujua kwamba Muriuki alikuwa amechumbia msichana wa Kiganjo. Wala sikujua kwamba yule mama wa viazi ni shangazi wa msichana.

Siku chache baadaye aliingia dukani binti mrefu, amefunga kitambaa kichwani na viatu vina matope ya njia ya zizi. Hakusalimia.

"Wewe ndio ile daktari ya damu?"

"Mimi ni fundi wa saa, dada. Karibu."

"Usinikaribishe. Naitwa Wanjira, na wewe umenivunjia ndoa."

Nikazima redio. Alinieleza amesimama, kidole kikipiga meza yangu mpaka kibano kikaruka. Shangazi alikwenda moja kwa moja kwa baba yake Wanjira, Mzee Gachanja. Mzee akasema mtu ambaye hata chuma kinakataa damu yake, hiyo damu itawafanya nini watoto? Wazee wa Muriuki walikuwa waje Jumamosi kuongea mambo ya mahari. Mzee Gachanja amesema waje, kwa heshima, wanywe chai, kisha waambiwe warudi kwao.

"Na Muriuki?" nikauliza.

"Muriuki ametoa saa kwa mkono. Ati ananiambia labda baba ako na haki. Anaogopa damu yake mwenyewe!" Hapo sauti yake ikakatika, na nilitamani angeendelea kupiga meza. "Sasa niambie ukweli. Damu yake iko na nini?"

Ningeweza kusema chochote. Nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nishike bisibisi nikasema, "Sijui."

"Basi ujue kabla ya Jumamosi," akasema. Akaiweka saa ya Muriuki mezani, akatoka.

Sikulala vizuri. Asubuhi nilipanda basi la kwanza la Nanyuki nikiwa na saa ile mfukoni. Bwana Ratilal alikuwa amezeeka, amekaa nyuma ya duka la mwanawe kati ya marobota ya vitambaa. Alifurahi kuniona mpaka nilipomweleza. Akachukua saa, akaiweka sikioni, akafumba macho.

"Hii inakimbia kama mtu ameiba kuku," akasema. "Dukani kwangu umeleta kitu gani mpya?"

"Hakuna kitu, Bwana. Redio tu."

Bwana Ratilal akafungua mtoto wa meza, akatoa dira ndogo, ile ya kuonyesha kaskazini, akaisogeza karibu na saa. Mshale wa dira ukageuka ukaifuata saa. Akaizungusha saa upande wa pili, mshale ukaifuata tena. Akanieleza taratibu kama siku zile: ndani ya spika ya redio kuna sumaku kubwa. Ndani ya saa kuna springi nyembamba kama unywele, na ikishikwa na sumaku mizunguko yake inagandana, saa inapoteza adabu na kukimbia. Sumaku ilikuwepo kweli, isipokuwa haikuwa kwenye damu ya mtu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilisema hapana redio hapa."

"Nilifikiri ni ubahili!"

Alifikiria kidogo. "Ubahili pia," akasema. Kisha akauliza, "Ile mashine ya kutoa sumaku iko? Ile nzito, duara, na tundu katikati?"

Nilimwambia iko salama, inalinda mlango. Na waya wake? Nikamwambia nao uko salama, unailisha redio. Bwana Ratilal alicheka mpaka mwanawe akaja mbio akidhani baba amepaliwa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikihesabu moyoni watu wote niliowashika mikono, nikafika kwa Muriuki nikakwama hapo. Bwana Ratilal alinipa ile dira, akaniambia niende nayo.

Nilirudi, nikaung'oa waya kwenye redio, nikaurudisha kwenye chombo. Nikaipitisha saa ya Muriuki katikati ya lile tundu na kuivuta polepole mpaka mbali. Dira ikatulia. Nikairudishia mwendo niliokuwa nimeupunguza, nikaitazama usiku na mchana. Saa ikatembea kama mtu mzima.

Jumamosi nilifika Kiganjo kwa Mzee Gachanja nimebeba redio yenyewe kifuani kama mgonjwa, saa na dira nimezitia mfuko wa nyuma zikae mbali nayo, maana nilijua maneno matupu yangu hayana bei tena. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekaa uani, chai imeshanywewa. Muriuki alikaa mwisho kabisa, ameficha mkono wa kushoto ndani ya koti ingawa hapakuwa na saa. Wanjira alisimama mlangoni pa jiko na mama yake. Nilipoingia mzungumzaji wa upande wa Gachanja alikuwa tayari anasema, "Tunawashukuru kwa kuja, lakini hii maneno yetu..."

"Ngoja, baba," Wanjira akamkatiza. "Fundi amekuja."

Mzee Gachanja alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye redio. "Wewe umekuja kutuimbia?"

Nikajikaza nikasimama katikati. Nikawaeleza habari ya sumaku, spika na springi. Nilieleza vizuri mno, nadhani, kwa sababu nilipomaliza hakuna aliyeelewa. Mzee mmoja akauliza redio ikiwa imezimwa inafanyaje kazi. Mwingine akataka kujua kama nimelipwa na watu wa Mwea. Nilionyesha dira, mshale ukageuka, na wakasema ni jambo zuri la kuchezea watoto. Jasho likanitiririka. Nilimwona Wanjira akinitazama, na ile hasira ya dukani haikuwepo. Alikuwa na hofu, na hofu hiyo niliiumba mimi.

Mama Wanjira ndiye aliyeniokoa. Alisogea mbele akijifuta mikono.

"Fundi, mimi sijasoma mambo ya springi. Wewe ulisema damu ya huyu kijana ni mbaya. Ulijuaje?"

"Sikujua, mama."

"Ulisema tu?"

"Nilisema tu."

Hapo Mzee Gachanja, aliyekuwa na saa nzuri ya Uswisi aliyoinunua alipouza fahali wake wa kwanza, saa ambayo watu wa maziwa Kiganjo nzima walipangia safari zao, akaivua polepole. "Damu yangu inajulikana," akasema. "Babangu alifika miaka mia na meno yake. Weka hii kwa hiyo redio yako, tuone."

Nilimsihi asifanye hivyo. Nilimwambia nitaiharibu. Alisema ndiyo maana anataka kuona. Basi nikaiweka saa ya mzee nyuma ya spika, tukasubiri, watu wakaongea habari za mvua. Kisha nikaziweka saa mbili juu ya kiti kimoja, ya mzee na ya Muriuki, mishale ya sekunde imelingana. Wazee wakainamisha vichwa pamoja. Haukupita muda mshale wa mzee ukaanza kumtangulia mwenzake. Ukazidi kutangulia. Ukawa unakimbia waziwazi, kila mtu anauona.

"Gachanja!" mzee mmoja wa rika lake akapiga kelele. "Kumbe na wewe!"

Watu wakaangua kicheko. Mzee Gachanja hakucheka. Aliinua mkono wakanyamaza.

"Wazee wangu, hapa kuna mambo mawili. Ama damu yangu mimi ni mbaya, ama huyu fundi ni mjinga. Semeni."

Hawakushauriana. Walisema kwa pamoja, upande wa Kiganjo na upande wa Mwea, na hiyo ndiyo hoja ya kwanza waliyokubaliana siku hiyo. Nimeitwa mjinga mara nyingi katika kazi hii, na mara nyingi ilinikera. Siku ile nilifurahi. Wakanitoza mbuzi wa kuosha jina la kijana, kama desturi inavyotaka, nikasema nitaleta na wa pili wakitaka. Wakasema mmoja anatosha mjinga mmoja.

Wanjira alitoka mlangoni akaichukua saa ya Muriuki pale kwenye kiti. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Akamtoa mkono ndani ya koti, akamfunga saa mwenyewe mbele ya wazee wote, na shangazi wa viazi akatazama chini.

Mzee Gachanja aliangalia mkono wake kwa mazoea, akakumbuka saa yake iko kwenye kiti inakimbia mbio za bure. Alimgeukia Muriuki. Tangu asubuhi alikuwa akimwita "huyo wa Mwea".

"Yangu imeharibiwa na huyu mtu," akasema. "Mwanangu, yako inasema saa ngapi? Hawa wageni bado hawajakula."

Kijana aliutazama mkono wake kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma saa.

"Ni saa nane kasorobo, baba," akasema.